Drili Iliyokataa Kushika

4 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Na hii nyingine ni ya mama, maana amesimama nyuma yangu kuhakikisha naiandika. Goti lake limepungua uvimbe. Cherehani ameihamishia barazani. Anasema ndani kuna giza, lakini mimi najua anataka kuona nani anapita na nani. Mkaza mjomba anaendeleaje tangu upasuaji? Mama anauliza kila siku, halafu anajifanya hakuuliza.

Kilichonikalisha chini ni hiki. Ile drili uliyonipa nilipomaliza mafunzo ya useremala inanitesa. Niko kwenye jengo jipya la hospitali, ghorofa ya pili, nafunga reli za mbao ukutani, zile ambazo mgonjwa akitembea kwenye korido anajishikiza. Reli inakaa juu ya vyuma, na kila chuma kinataka matundu matatu kwenye zege. Korido ina vyumba kumi na nane, pande zote mbili. Tundu la kwanza linakwenda vizuri. La pili, mota inazunguka, mdomo wa drili unazunguka, lakini biti imesimama ukutani kama imegoma. Nikivuta, drili inatoka, biti inabaki. Na hata isipoteleza, inacheza. Tundu linakuwa pana, nikipachika plagi, ile ya plastiki ya kushikia skrubu, inaingia na kutoka yenyewe.

Unaujua mdomo wake, si wa kutumia ufunguo, ni wa kukaza kwa mkono. Nakaza mpaka mishipa inanitoka shingoni. Inalia krrr, krrr, halafu tik, halafu krrr tena. Nilitaka uisikie mwenyewe. Nimekupigia mara tatu, hukupokea.

Msimamizi wetu tunamwita Leo-Leo, kwa sababu hajawahi kusema kesho. Juzi alisimama akaniangalia navuta biti ukutani kwa koleo. Hakusema kitu, na yeye si mtu wa kunyamaza. Mafundi hapa ni kumi na mmoja, mwanamke ni mimi peke yangu. Unaelewa.

Nisaidie, mjomba.

Mpwa wako


19 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Ya mama yako nimeipokea pia. Mwambie barazani kuna vumbi, cherehani haipendi, afunike kila anapoinuka. Mkaza mjomba wako anatembea mpaka sokoni na kurudi, na akirudi anarudi na habari za mtaa mzima. Mimi ni mzima. Karakana nimepumzika kidogo.

Simu na mimi hatupatani. Zile meseji nazo, herufi zake ni ndogo kama chawa. Niandikie. Barua naisoma mara tano na hainichoshi.

Sasa drili. Usiniambie inavyolia. Ukiniandikia krrr, mimi hapa naona herufi tu. Niambie mkono wako unahisi nini. Chomoa betri kwanza, na kila ninachokwambia hapa ukifanye betri ikiwa mezani, si kwenye drili. Halafu shika mdomo wake kwa vidole viwili, kama unavyomshika mtoto kidevu, uutikise. Ukitikisika wenyewe, hilo ni jambo jingine, uniambie. Ukiwa imara, basi tatizo liko ndani, kwenye yale meno matatu yanayobana biti.

Unatoboa zege, na nina hakika mbali na ya reli kuna matundu mengine ya juu ya kichwa chako. Vumbi linaanguka wapi? Linaingia mdomoni. Likikutana na mafuta linakuwa uji, uji ukikauka unakuwa saruji, na meno yanaacha kutoka sawasawa. Moja linabana, mawili yanatazama. Ufungue mdomo mpaka mwisho, uuelekeze chini, uugonge kwa kiganja. Usugue kila jino kwa mswaki wa zamani mkavu. Baadaye tone moja la mafuta mepesi kwa kila jino, ufungue na kufunga mara kumi, upanguse yanayotoka. Grisi usiweke kabisa. Grisi ni gundi ya vumbi.

Angalia na shina la biti. Kama ni la mviringo na lina mikwaruzo ya kuzunguka, limeshalambwa, halitashika tena. Tafuta biti yenye shina la pande bapa, ili kila jino lipate pa kulala. Na ukiiingiza, hakikisha imekaa katikati ya meno yote matatu. Ikidakwa na mawili, itacheza tu hata ukaze kwa wiki nzima.

Swali la mwisho, na ulijibu kwa ukweli. Huwa unashika ile pete ya kukazia kwa kiganja huku umebonyeza swichi, ili mota ikukazie? Kama unafanya hivyo, acha leo. Inaua pete na inaua mkono.

Ukitoboa juu, kata mpira wa zamani wa watoto nusu, utoboe katikati, uuvike kwenye biti. Vumbi litaanguka humo.

Mjomba wako


2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mama anasema ameshaanza kufunika cherehani, na hakuhitaji kuambiwa. Amekata kitenge kizima kwa ajili hiyo.

Niligonga mdomo wa drili juu ya gazeti. Mjomba, vumbi lililotoka lingejaza kijiko cha chai, na ndani yake kulikuwa na kipande cha chuma kilichojikunja kama ukucha. Nimeweka tone moja moja kama ulivyosema. Mara ya kwanza nilipofunga, niliona meno yote matatu yanatoka pamoja, nikacheka peke yangu korido nzima. Mpira nimekata, wenzangu wakauita kofia ya drili. Wiki iliyofuata wawili kati yao walikuwa wamekata wa kwao.

Ikashika siku nne. Siku ya tano nikaogopa itateleza, nikakaza kwa nguvu zangu zote, na sasa biti haitoki kabisa. Mdomo umefunga. Na ule mtikisiko uliouuliza, upo. Betri ikiwa mezani, mdomo wenyewe unacheza kidogo sana, kama jino la mtoto siku mbili kabla ya kung'oka.

Swali lako la mwisho nitalijibu siku nyingine.

Kuna jambo la nyumbani. Mama alikupigia Jumapili na ulipokea. Alikuuliza mkeo ameshatolewa nyuzi, ukamjibu kwamba huko mvua hazijaanza. Akauliza tena, ukasema ndiyo ndiyo, salama, ukakata. Alicheka, halafu akakaa na simu mkononi muda mrefu. Anadhani umemnunia kwa sababu hakuja hospitali siku ya upasuaji. Goti ndilo lililomzuia, mjomba, hakuweza hata kupanda ngazi ya nyumba.

Halafu nami sielewi. Miaka thelathini na moja ya karakana hujawahi kupumzika hata mkono ulipovunjika. Unapumzika nini?

Mpwa wako


11 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba, na samahani kwa kuchelewa. Posta ilikuwa na foleni. Hapana, posta haikuwa na foleni. Nilichelewa tu.

Mwambie mama yako sijamnunia mtu. Nyuzi zilitolewa zamani, kidonda kimefunga vizuri.

Biti iliyogoma kutoka: ibane hiyo biti kwenye jiriwa, drili ikining'inia. Weka gia namba moja, maana hiyo inashika shafti, ule mhimili wa ndani unaobeba mdomo, isizunguke ovyo. Weka mafuta mepesi mbele, pale meno yanapoingia, uyaache yanywe nusu saa. Halafu zungushia pete kipande cha mpira wa baiskeli, ushike kwa mikono miwili, uigeuze upande wa kufungua. Ikikataa, igonge kwa nyundo ya mpira pembeni, kidogo kidogo, ukizunguka. Usigonge kwa hasira. Na siku nyingine ukaze kiasi cha kushika, basi. Mkono ukianza kutetemeka umeshapitiliza.

Kucheza: mdomo umelegea kwenye shafti. Ukishatoa biti, fungua meno mpaka mwisho uchungulie ndani kwa tochi. Kule chini kuna kichwa cha skrubu. Hiyo skrubu imewalaza njaa mafundi wengi, kwa sababu inakwenda kinyume. Upande unaoujua wewe wa kukaza, ndio wa kufungua. Ukiisahau hiyo utaikata kichwa. Itoe. Kisha bana alenki nene, ule ufunguo wa pembe sita uliokunjwa, mdomoni kwa mkono wake mfupi, gia ikiwa namba moja, uigonge alenki upande wa kukaza mpaka mdomo ukae barabara kwenye shafti. Huo mdomo wenyewe unakwenda njia ya kawaida. Mwisho rudisha skrubu, kinyume. Kama baada ya hapo bado unacheza, beringi imekwisha, na hiyo si kazi ya kuifanya kwa barua.

Swali langu la mkono hukunijibu. Nami lako sitalijibu, tuko sawa.

Mchomeleaji wetu wa karakana, yule mwenye kicheko kirefu, aliangukiwa na bomba mguuni mwezi wa pili. Anatembea sasa. Wanasema aliniita.

Mjomba wako


28 Mei

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Nyumbani hakuna jipya ila mama amepata oda ya sare za kwaya nzima, kwa hiyo ana raha na ana hasira kwa wakati mmoja.

Biti ilitoka. Niliigonga pete nikizunguka kama ulivyosema, na mara ya tatu ikaachia kwa ulaini mpaka nikaona aibu. Skrubu niliiona. Nilikaa nayo kitako, nikajisemea kwa sauti, kinyume, kinyume, ndipo nikaingiza bisibisi. Ilikuwa imelegea kiasi kwamba ilizunguka kwa vidole. Nikakaza mdomo kwa alenki, nikarudisha skrubu. Nikaushika kwa vidole viwili. Mjomba, haukucheza hata kidogo.

Sasa nikueleze ukweli, ambao nimekuficha tangu barua ya kwanza. Siku niliyokuandikia, nilikuwa nimeshaondolewa kwenye kutoboa. Leo-Leo alininyamazia asubuhi, mchana akaniambia nikapige msasa reli chini, fundi mwingine atatoboa. Zile siku nne ilipokuwa inashika, nilitoboa saa ya chakula wenzangu walipokuwa wanakula. Na ndiyo, nilikuwa nakaza kwa kushika pete huku mota inazunguka. Kiganja changu cha kulia kilichunika, nikakifunga kitambaa, mama nikamwambia ni msasa. Kimepona, kina alama nyeusi kama sarafu. Ulijua kutoka maili zote hizo, nami nikaona haya kukujibu.

Jumatatu ya wiki iliyopita nilimfuata Leo-Leo na drili mkononi.

"Hiyo mashine yako ni ya kuwekwa makumbusho," akasema.

"Nipe ukuta mmoja."

Akaangalia korido, akaangalia saa. "Mmoja. Leo."

Nilitoboa matundu hamsini na nne. Kila baada ya sita nilichomoa betri, nikagonga vumbi, nikakaza upya. Alikuja jioni, akachukua plagi moja akaipachika mwenyewe, akaivuta kwa meno ya koleo. Haikutoka. Akaondoka, na kesho yake jina langu lilikuwa kwenye orodha ya ghorofa ya tatu, kutoboa.

Nimesema yangu. Sasa nitakuuliza, na ukikasirika nitakuja kukuomba radhi kwa miguu. Hupokei simu, na ukipokea unajibu ambacho hukuulizwa. Ulinikataza nisikuambie sauti. Mchomeleaji aliita, nawe unaandika "wanasema aliniita." Nimeisoma sentensi hiyo mpaka karatasi imelegea kwenye mkunjo.

Mjomba, husikii?

Mpwa wako


9 Juni

Mpwa wangu,

Sikukasirika. Nilikwenda kukaa nje kidogo, halafu nikarudi.

Sisikii. Sikio la kushoto halina kitu. La kulia linapata sauti nene, kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Mkaza mjomba wako ndiye pekee anayejua, nami nilimwapisha. Sasa mko wawili.

Halikuja kwa siku moja. Kwanza ziliondoka zile sauti nyembamba. Mtu akisema sita, nasikia ita. Kisha ndege wa asubuhi, nikadhani wamehama. Siku moja birika lenye mluzi liliungua mpaka maji yakakauka, nami nimekaa kando yake nasoma gazeti. Mke wangu aliingia mbio kutoka nje. Hapo nilielewa, lakini kuelewa si sawa na kusema. Miaka yote ile ya kusaga vyuma bila kuziba masikio, kwa sababu kuziba tuliona ni kazi ya waoga. Wewe unaziba? Ziba.

Nikajifunza kuangalia midomo. Nikajifunza kusema ndiyo. Mpwa wangu, ndiyo imeniponza kuliko kitu kingine. Nimekubali mialiko ambayo sikuijua, nimekubali kwamba mvua zimeanza, nimekubali kuwa baba wa ubatizo wa mtoto ambaye mpaka leo sijui ni wa nani. Mama yako nilimjibu mambo ya mvua kwa sababu wakati ule wa mwaka watu wote huuliza mvua.

Mashine zilinificha. Mashine siisikilizi, naishika. Nikiweka kiganja mezani najua beringi ya upande gani imeanza kula. Watu wakasema mzee ana masikio ya ajabu. Nikacheka nao.

Halafu siku ile. Nilikuwa nashusha bomba kwa mnyororo wa kuinulia, nimempa mgongo mchomeleaji. Mguu wake ulikuwa chini ya bomba. Aliita mara tatu, karakana nzima ilisikia. Mimi nilihisi mnyororo umelegea, nikajua bomba limefika chini, nikageuka nikicheka kumwambia tayari. Uso wake ndio ulioniambia. Vidole viwili vya mguu vilivunjika. Kwa bosi alisema mnyororo uliteleza. Alinitazama alipokuwa anasema hivyo, na midomo yake niliisoma vizuri sana.

Sikurudi tena. Niliomba kupumzika, wakanipa, wakadhani ni uzee. Kila siku navaa viatu vya kazi asubuhi, nakaa navyo mpaka mchana, navivua.

Barua yako ya kwanza ilipofika nilikuwa na wiki tatu sijashika bisibisi. Nilikwenda stoo yangu, nikatoa drili ya zamani inayofanana na yako, nikaifungua yote mezani ili nikuandikie nikiwa naiona. Sikukwambia hilo.

Mama yako usimwambie. Nitamwambia mwenyewe nikipata namna.

Kiganja kipake mafuta ya nazi.

Mjomba wako


24 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Nimechelewa kukuomba msamaha, kwa hiyo naanza nao. Barua yako ilifika nikiwa kazini, na mama aliifungua. Anasema alidhani ni ya kwake kwa sababu imeandikwa na kaka yake. Huo ndio utetezi wake na hatausogeza.

Nilimkuta barazani, cherehani imefunikwa, barua magotini. Alikuwa amelia na alikuwa amemaliza. Akaniambia, "Miezi mitatu nadhani kaka yangu ananichukia. Kumbe kiziwi tu." Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika goti. Kisha akakata kipande cha karatasi ya ruwaza, akaandika kwa chaki ya kushonea. Nimekiweka humu. Sijakisoma, ingawa herufi ni kubwa kiasi cha kusomeka kutoka barabarani.

Sasa ya huku. Tangu nipande ghorofa ya tatu, mafundi wananiletea drili zao saa ya chakula. Jumanne zilikuwa sita zimepangwa juu ya ubao, midomo wazi kama vifaranga. Mmoja alikuwa ameshaikata kichwa ile skrubu ya kinyume, nikamwambia asubiri kwanza nikuandikie. Leo-Leo akapita, akauliza nani kanifundisha. Nikamwambia.

Kampuni ina stoo kubwa ya vifaa nyuma ya jengo. Drili, misumeno, mashine za kusagia, zote zinafika pale zikiwa zimekufa nusu, na mtunza stoo kazi yake ni kuandika tu kwamba zimekufa. Leo-Leo ametafuta fundi wa kuzitunza tangu mwaka jana. Kuna meza ndefu, jiriwa mbili, dirisha. Akasema, "Mwambie mjomba wako aje nimwone."

Nikamwambia ukweli, kwamba husikii. Nilitaka aujue kwangu, si aukute mwenyewe. "Mimi nafoka hapa siku nzima na hakuna anayesikia," akasema. "Huyo angalau ana sababu." Lakini baadaye alirudi kuniuliza mambo ya maana: utaonaje mtu akiingia nyuma yako, na je, taa inayowaka mlango ukifunguliwa itafaa. Nikasema itafaa. Akasema meza igeuzwe itazame mlango. Mjomba, ameshaigeuza.

Hakuahidi. Amesema atakuona na ataangalia mikono yako, basi. Na hospitali ya zamani hapa jirani ina chumba cha kupima masikio. Sisemi utasikia ndege. Nasema kuna mlango, nao nimeuona.

Mama anasema chumba cha uani ni chako na mkeo kwa muda wowote. Ameshatoa vitambaa vyake vyote, jambo ambalo hakulifanya hata nilipokuwa nalala humo mimi.

Njoo.

Mpwa wako


6 Julai

Mpwa wangu,

Karatasi ya mama yako nimeisoma, na majirani wameisoma. Sitaandika hapa alichoniita. Tangu tukiwa wadogo hakuna aliyewahi kuniita hivyo ila yeye.

Kabla sijakujibu, nilikuwa na mahali pa kwenda. Jumamosi nilivaa viatu vya kazi na safari hii nikatoka navyo. Nilimkuta mchomeleaji anachomelea geti. Nikamgusa bega, akavua kinyago. Nilikuwa nimejipanga njia nzima, lakini kilichotoka kilikuwa kifupi.

"Siku ile uliita," nikamwambia. "Mimi ndiye sikusikia. Sisikii."

Alijibu kitu kirefu. Mwanga ulikuwa nyuma yake, sikupata hata neno. Alipoona hivyo alichukua chaki akainama, akaandika kwenye bati lililokuwa chini: NILIJUA TANGU MWAKA JUZI. NANGOJA USEME. Kisha akaongeza: CHAI? Tulikunywa chai. Anachechemea kidogo asubuhi, anasema mchana mguu unaachia. Nilimwuliza kwa nini alimwambia bosi ni mnyororo, akaandika kwamba hiyo ni kazi yake na si yangu. Tukaishia hapo. Sijui kama nimesamehewa, lakini tuliagana kwa mikono miwili.

Kwa yule mwenye skrubu iliyokatika kichwa: aitoboe katikati kwa biti nyembamba ya chuma, taratibu, ikiwa na tone la mafuta, asiguse ukingo. Kitakachobaki kitatoka chenyewe kikizungushwa upande ule ule wa kinyume. Kama hana subira akuachie wewe.

Nitapima masikio. Nitamwona Leo-Leo. Asiponitaka, nitakuwa nimemwona dada yangu. Mkaza mjomba wako amefunga mizigo tangu juzi na amekaa juu yake, hataki nibadili mawazo.

Tutaingia na basi la Alhamisi, mchana. Stendi itakuwa na watu wengi na kelele nyingi, najua utanitafuta. Usiniite. Njoo mpaka nilipo, uniguse bega.

Mjomba wako